Je, vitamini D huzikinga figo zisifeli ghafla? Jibu kwa msomaji ambaye baba yake ametoka hospitali

Swali: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 63 na uzito wa kilo 70. Ana kisukari na presha, anatumia metformini, losatani na haidroklorothiazaidi. Wiki tano zilizopita aliharisha na kutapika siku tatu mfululizo, na kwa kuwa magoti yalikuwa yakimuuma aliendelea kumeza diklofenaki. Kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo, hivyo hupanda figo zikilegea) ilitoka mikromoli 95 kwa lita ikafika 310, akalazwa, akawekewa dripu, lakini hakufika kwenye mashine ya kusafisha damu. Sasa ni 128. Siku ya tatu wodini walimpima vitamini D ikawa 11 ng/mL. Tumesoma kuwa vitamini D huzikinga figo, na mtu ametushauri tumpe ampuli ya yuniti 300,000 kila wiki kwa wiki nne, pamoja na kalsiamu miligramu 1,000 kila siku, ili figo zisifeli tena. Je, tumpe?

Marahaba. Nianze na jibu lenyewe, kwa sababu huenda ampuli zimeshanunuliwa: msimpe. Yuniti 300,000 kila wiki kwa wiki nne ni yuniti 1,200,000 ndani ya mwezi mmoja. Ukijumlisha na kalsiamu hiyo, na haidroklorothiazaidi, dawa ya presha ya kukojoza, ambayo tayari anaimeza, mnaweza kumrudisha wodini kwa ugonjwa ule ule mnaoukimbia. Upungufu wake wa vitamini D unastahili kutibiwa, ila kwa dozi ndogo ya kila siku, baada ya vipimo vichache, na kwa ajili ya mifupa na misuli yake. Figo zake zitalindwa na mambo mengine, ambayo nitayaeleza kwa kirefu mbele, maana huko ndiko alikoumia.

Mliyoyasoma hayakutungwa, lakini. Figo na vitamini D hutegemeana sana. Vitamini D inayotengenezwa na ngozi kwa mwanga wa jua, au inayotoka kwenye chakula na vidonge, haifanyi kazi ikiwa vile ilivyo. Kwanza hupita kwenye ini na kugeuzwa kuwa kalsidioli. Hiyo ndiyo maabara huipima, na kwenye karatasi ya majibu huandikwa 25(OH)D. Kalsidioli husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa na protini yake maalumu. Ikifika kwenye figo huchujwa pamoja na mbebaji wake, kisha seli za sehemu ya mwanzo ya mirija ya figo huidaka isipotelee kwenye mkojo. Ndani ya seli hizo hugeuzwa mara ya pili na kuwa kalsitrioli, homoni yenye nguvu kamili. Na seli hizo hizo za mirija ndizo huwa za kwanza kudhurika damu inapopungua figoni au dawa yenye sumu inapopita. Kwa hiyo figo inapoumia ghafla, utengenezaji wa kalsitrioli nao hukwama.

Halafu kuna tafiti za wanyama, ambazo kwa kweli zinatia moyo. Panya waliozalishwa bila kipokezi cha vitamini D huumia figo vibaya zaidi wanapopewa dawa ya saratani iitwayo sisplatini, au sumu inayotoka kwenye ukuta wa bakteria. Panya wa kawaida wakitangulizwa parikalsitoli, ambayo ni ndugu wa kalsitrioli aliyetengenezwa maabara, huumia kidogo zaidi mishipa ya figo inapobanwa kisha kuachiwa. Sababu zake zinajulikana kiasi. Kalsitrioli hutuliza NF-κB, yaani mfumo ndani ya seli unaowasha mchochota, ile hali ya tishu kuvimba na kuvamiwa na chembe za kinga. Hupunguza utengenezaji wa renini, kemikali ya figo inayochangia kupandisha presha, jambo lililoonyeshwa kwa panya mwaka 2002, na kwa hiyo hupunguza kubanwa kwa mishipa ya figo. Pia huzuia aina ya kifo cha seli ambapo madini ya chuma huharibu mafuta ya utando wa seli mpaka seli ipasuke.

Sasa angalia tofauti kati ya panya huyo na mzee wako. Panya ni kijana, hana kisukari, anaumizwa kwa njia moja, na mtafiti anajua saa kamili ya kumuumiza, kwa hiyo dawa hutangulia jeraha. Kwa binadamu huwa kinyume chake. Kreatinini huchukua saa 24 hadi 48 kupanda baada ya figo kuumia. Mpaka daktari aone namba hiyo, seli nyingi zimeshaathirika, na mgonjwa kwa kawaida ana sababu tatu au nne zilizorundikana kwa pamoja. Dawa inayofaa ikitangulia inaweza kukosa kazi ikichelewa.

Ndiyo maana majaribio ya binadamu ni ya lazima, na yamefanyika. Huko Graz, Austria, wagonjwa mahututi 492 wenye vitamini D ya chini walipewa ama yuniti 540,000 kwa mkupuo mmoja kisha 90,000 kila mwezi kwa miezi mitano, ama dawa bandia isiyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2014: muda wa kukaa hospitali haukutofautiana, siku 20.1 kwa 19.3. Katika kikundi kidogo cha waliokuwa na kiwango cha 12 ng/mL au chini, vifo vya hospitalini vilikuwa asilimia 28.6 kwa waliopewa vitamini na 46.1 kwa wasiopewa. Habari hiyo ilileta matumaini makubwa, ila matokeo ya kikundi kidogo ndani ya utafiti ni dokezo la kufuatiliwa na utafiti mwingine. Ukafanyika Marekani, ukachapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 1,078 waliothibitishwa kuwa na upungufu waligawanywa, dozi ni ile ile ya yuniti 540,000. Dawa iliingia mwilini bila shaka, maana siku ya tatu wastani wa kiwango ulikuwa 46.9 ng/mL kwa waliopewa na 11.4 kwa wasiopewa. Hata hivyo vifo ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 23.5 kwa waliopewa na 20.6 kwa wasiopewa, tofauti ambayo haitoshi kusema dawa iliua, lakini inatosha kusema haikuokoa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kukamilika.

Baadaye likaja jaribio lililolenga figo moja kwa moja. Wagonjwa mahututi 150 waliokuwa katika hatari kubwa ya figo kufeli walipewa kalsidioli, au kalsitrioli mikrogramu 4 kwa siku, au dawa bandia, kwa siku tano. Hapa hatua ya ini, na kwa kalsitrioli hata hatua ya figo, ilirukwa kabisa, na mgonjwa akapewa homoni iliyo tayari. Bado halikuonyesha faida kwa vifo, kwa haja ya kusafishwa damu, wala kwa kreatinini. Upande wa ugonjwa wa figo wa muda mrefu hali ni hiyo hiyo: watu wazima 1,312 wenye kisukari cha aina ya pili walifuatiliwa miaka mitano, baadhi wakimeza yuniti 2,000 kila siku, na uwezo wa figo kuchuja ulishuka sawasawa kwa pande zote mbili.

Mtu atauliza: mbona basi kila utafiti wa wodini huonyesha kuwa wenye vitamini D ya chini ndio figo hufeli zaidi? Hapa ndipo wengi hupotea, wakiwemo baadhi ya wataalamu. Uhusiano huo ni wa kweli, ila sehemu kubwa yake huenda kinyume na tunavyodhani. Mtu anapougua vikali, ini hupunguza kutengeneza protini inayobeba kalsidioli, na nyingine huvujia kwenye tishu. Dripu lita kadhaa huipunguza zaidi kwenye damu. Mirija ya figo iliyoumia hushindwa kuidaka, ikaishia kwenye mkojo. Na mgonjwa wa muda mrefu, anayekaa ndani, aliyedhoofika, alikuwa na kiwango cha chini hata kabla hajalazwa. Watu waliofanyiwa upasuaji wa goti wa kupangwa, wakiwa na afya ya kuridhisha, wamepimwa na kukutwa kiwango kimeshuka kwa takriban asilimia 40 ndani ya siku chache, kwa sababu tu mwili uko kwenye mchochota. Hawakumaliza akiba yao ya vitamini kwa siku mbili. Kalsidioli yenyewe hupungua kwa nusu kila baada ya wiki mbili hadi tatu, hivyo kushuka kwa ghafla namna hiyo ni alama ya ugonjwa.

Ile 11 ya baba yako ilipimwa siku ya tatu wodini, akiwa na dripu, figo zikiwa katika hali mbaya kabisa. Huenda kiwango chake halisi ni 14 au 17. Sidhani kama kitakuwa kizuri, lakini namba hiyo msiichukue kama ilivyo. Irudieni sasa, maana wiki tano zimepita na mwili umetulia. Maabara nyingine huandika kwa nanomoli kwa lita. Zidisha ng/mL kwa 2.5 upate nanomoli, kwa hiyo 11 ni sawa na 27.5. Nimeona familia zikifurahia kwamba kiwango kimepanda kutoka 11 hadi 30, kumbe maabara ya pili ilitumia kipimo kingine, na 30 hiyo ni 12 tu.

Kwa mizani ya wataalamu wa lishe wa Marekani iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2010, chini ya 12 ng/mL ni upungufu, na 20 inatosha kwa watu karibu wote. Kukimbilia 50 au 60 hakuna faida iliyothibitishwa.

Nirudi kwenye ampuli, kwa sababu madhara yake yanagusa figo zenyewe. Vitamini D ikizidi, utumbo hufyonza kalsiamu kupita kiasi na mifupa huachia nyingine. Kalsiamu ikipanda kwenye damu hufanya mambo matatu figoni kwa wakati mmoja. Hubana mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio. Huifanya mirija isiitikie homoni ya kuhifadhi maji, kwa hiyo mtu hukojoa sana na kukauka hata akinywa. Na ikikutana na fosfeti ndani ya mirija, huganda kuwa chumvi ngumu zinazoziba na kukwaruza. Mgonjwa hukauka, damu hupungua figoni, kalsiamu huzidi kukolea, na mzunguko unajirudia. Dalili zake ni kiu isiyoisha, mkojo mwingi, choo kigumu, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu mzito na kuchanganyikiwa. Kwa mzee mwenye kisukari dalili za mwanzo ni rahisi kudhaniwa ni sukari imepanda, na hapo siku kadhaa hupotea.

Ubaya mwingine ni kwamba vitamini D hukaa kwenye mafuta ya mwili. Ukigundua imezidi, kuacha dawa hakutoshi, kwa kuwa kalsiamu inaweza kubaki juu kwa wiki au miezi. Matibabu ni dripu ya chumvi, steroidi, na wakati mwingine dawa za kuzuia mifupa isiachie kalsiamu, ambazo nazo zinahitaji tahadhari kwa mwenye figo dhaifu.

Haidroklorothiazaidi huongeza hatari hiyo kwa sababu inazuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo. Vidonge vya kalsiamu navyo huongeza: katika utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake zaidi ya 36,000, waliopewa kalsiamu miligramu 1,000 na vitamini D yuniti 400 kwa siku walipata mawe ya figo kwa asilimia 17 zaidi ya wenzao. Na dozi kubwa za mkupuo hazijaonyesha hata faida ya mifupa iliyotarajiwa. Nchini Australia wanawake 2,256 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka au dawa bandia. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kuwa waliopewa vitamini walianguka kwa asilimia 15 zaidi na kuvunjika mifupa kwa asilimia 26 zaidi. Mwili unaonekana kuipokea vizuri dozi ndogo inayoingia kila siku kuliko shehena.

Basi mfanye hivi. Kabla ya kidonge cha kwanza, apimwe kalsiamu, albumini, fosfeti, kreatinini, homoni ya parathiroidi (PTH), na 25(OH)D upya. Albumini, ambayo ni protini ya damu, inahitajika kwa sababu sehemu ya kalsiamu hubebwa nayo. Mtu aliyetoka kuugua albumini huwa chini, na kalsiamu huonekana nzuri kumbe iko juu. Hesabu yake ni rahisi: chukua 40, toa albumini yake kwa gramu kwa lita, zidisha kwa 0.02, kisha ongeza kwenye kalsiamu iliyopimwa kwa milimoli kwa lita. Kwa mfano kalsiamu 2.50 na albumini 30 inakuwa 2.70, na hiyo imepita kiwango cha kawaida ambacho kwa maabara nyingi ni takriban 2.2 hadi 2.6. Ikiwa imepita, asipewe vitamini D kabisa mpaka sababu ijulikane. Tezi za parathiroidi, zilizo shingoni na zinazodhibiti kalsiamu, zinaweza kuwa na uvimbe. Kifua kikuu na ugonjwa wa sakoidosisi navyo hufanya chembe za kinga zitengeneze kalsitrioli zenyewe bila kudhibitiwa na figo, na kwa mgonjwa wa aina hiyo hata dozi ya kawaida inaweza kuzidi.

Kalsiamu ikiwa sawa na vitamini D ikithibitika kuwa chini ya 20, dozi ninayoipendelea kwa mtu kama yeye ni kolekalsiferoli, yaani vitamini D3, yuniti 2,000 kwa siku kwa wiki 12, pamoja na mlo wenye mafuta kidogo maana vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta. Kwa kawaida dozi hiyo hupandisha kiwango kwa ng/mL 10 hadi 20. Mtu mnene sana huhitaji zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa huzama kwenye mafuta ya mwili, lakini kilo 70 si tatizo. Baada ya hapo ashuke hadi yuniti 800 au 1,000 kwa siku. Ukomo wa juu kwa mtu mzima anayejitumia bila usimamizi ni yuniti 4,000 kwa siku. Daktari wake anaweza kuchagua dozi ya kila wiki kwa wiki nane, na hilo linakubalika, mradi yeye ndiye anayefuatilia kalsiamu.

Apimwe kalsiamu na kreatinini wiki nne baada ya kuanza, kisha 25(OH)D wiki ya 12. Kuipima mapema zaidi ni kupoteza pesa, kwa sababu kiwango huwa bado kinapanda.

Kwenye kununua, soma kopo kwa makini. Yuniti huandikwa IU, na mikrogramu moja ni yuniti 40. Kwa hiyo kidonge cha mikrogramu 25 ni yuniti 1,000, na cha mikrogramu 50 ni yuniti 2,000. Kosa la kawaida ni la dawa ya matone: maelekezo yanasema tone moja, mtu anampa mgonjwa mililita moja, ambayo ni matone mengi. Angalieni pia kama kuna vitamini D ndani ya kidonge chake kingine cha vitamini mchanganyiko au cha mifupa, muijumlishe.

Msikubali kubadilishiwa kolekalsiferoli kwa alfakalsidoli au kalsitrioli kwa maelezo kwamba zote ni vitamini D na hizi ni kali zaidi. Hizo ni homoni zilizo tayari au karibu tayari, dozi yake ni robo ya mikrogramu hadi mikrogramu moja, na mwili hauna tena nafasi ya kuzidhibiti kwenye figo. Zina kazi yake kwa wagonjwa wa figo wa muda mrefu ambao homoni ya parathiroidi imepanda sana, na miongozo ya mwaka 2017 inashauri zisitumiwe kama kawaida kwa ambao hawajafika kwenye kusafishwa damu. Tena zinaweza kupandisha kreatinini kidogo bila figo kuumia, na hapo familia na daktari wote hushtuka bure.

Jua linafaa, na vitamini ya jua haizidi kiasi kwa sababu ngozi huivunja ikishatosha. Ila lipite kwenye ngozi wazi, maana kioo cha dirisha huzuia miale inayohitajika, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi. Kumkalisha juani saa nyingi mzee anayetumia dawa ya kukojoza, ambaye figo zake ndiyo kwanza zinapona, ni kumkausha. Matembezi mafupi ya kila siku yanatosha.

Sasa nifike kwenye kilichomwumiza. Losatani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio cha figo, jambo zuri kwa mwenye kisukari siku zote ila siku anapokauka. Haidroklorothiazaidi humtoa maji na chumvi. Diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu. Kuhara siku tatu kukamaliza maji yaliyobaki. Mshipa wa kuingiza umebanwa, wa kutoa umelegea, na damu yenyewe ni kidogo, kwa hiyo shinikizo ndani ya kichujio likaporomoka. Mkutano huo wa dawa tatu unajulikana vizuri kwa madaktari wa figo, na vitamini D hata ingekuwa 40 isingeuzuia.

Kreatinini 310 kutoka 95 ni zaidi ya mara tatu, nayo ni hatua ya tatu, ya juu kabisa, kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2012. Na 128 ya sasa si kupona. Bado iko juu kwa takriban theluthi moja ya ile ya zamani. Tena mtu aliyelala kitandani hupungua misuli, na kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo 128 inaweza kuficha figo dhaifu zaidi ya inavyoonyesha. Kama maabara inaweza kupima sistatini C, ambayo haitegemei sana misuli, itafaa.

Diklofenaki, ibuprofeni na dawa zote za jamii hiyo aziache moja kwa moja, za kumeza na za sindano. Kwa magoti kuna parasetamoli kwa dozi sahihi, mazoezi ya kuimarisha mapaja, na dawa ya kupaka kwa ruhusa ya daktari wake. Dawa za mitishamba zisizojulikana zilimo nini nazo ziachwe, maana nyingine zina asidi ya aristoloki ambayo huharibu mirija ya figo bila kurudi. Kila atakapoandikiwa antibiotiki ya jentamaisini au kupigwa picha yenye dawa ya kung'arisha mishipa, aseme kwanza kwamba figo ziliwahi kufeli.

Muombeni daktari wake awaandikie mpango wa siku za kuugua. Kwa kawaida huwa hivi: akitapika au kuharisha kiasi cha kutoweza kula na kunywa, anasimamisha kwa muda losatani, haidroklorothiazaidi na metformini (pamoja na dawa za kisukari za dapagliflozini au empagliflozini kama ataanzishiwa), kisha anazirudia akiwa amekula na kunywa vizuri kwa saa 24 hadi 48. Kuzirudia ni muhimu sawa na kuzisimamisha. Wapo wanaoacha losatani miezi sita kwa woga, presha na protini kwenye mkojo zikaendelea kuharibu figo polepole. Anywe maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS) mililita 200 hadi 400 kila baada ya choo cha kuhara, pakiti moja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, bila kupunguza maji ili iwe kali. Sukari ipimwe mara nyingi zaidi siku hizo.

Na pimeni mkojo. Kwa uzito wake, chini ya mililita 35 kwa saa kwa saa sita, yaani chini ya mililita 210, ni alama ya figo kuumia hata kabla kreatinini haijapanda. Chombo chenye alama za mililita kinatosha. Ikifikia hapo, au akitapika kila anachokunywa, au akawa anasinzia na kuchanganyikiwa, au akapumua kwa haraka na kwa kina, apelekwe hospitali usiku huo huo na pakiti za dawa zote anazomeza.

Wakati atakapofikisha miezi mitatu tangu kulazwa, apimwe kreatinini na uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo wa asubuhi. Uwiano ukiwa miligramu 30 kwa gramu au zaidi (ni sawa na miligramu 3 kwa milimoli), au uwezo wa figo kuchuja ukiwa chini ya mililita 60 kwa dakika, aonwe na daktari wa figo, na dawa zake za presha na sukari zipangwe upya kwa kuzingatia hilo. Miezi hiyo mitatu inaangukia kabla ya wiki ya 12 ya vitamini D, kwa hiyo msisubiri ile ya pili ili mfanye zote safari moja. Kipimo cha figo ndicho cha kutangulia.